Mwanamke na Jembe: Historia Fupi ya Akina Mama Wakulima wa Rau na Mlimani



Kamati ya maadhimisho ilitutaka tuandike historia ya kikundi chetu kwa miaka hii 10. Tukaanza, na baada ya siku mbili tukaona haiandikiki peke yake. Ukigusa hisa umegusa mpunga. Ukigusa mpunga umegusa maji ya mto Rau, na ukigusa maji umegusa ardhi. Ukishafika kwenye ardhi, basi umeingia nyumbani mwa watu. Kwa hiyo tumeamua kuanzia nyuma kidogo, kwa bibi zetu, halafu tushuke polepole mpaka kwenye sanduku letu. Anayetaka mahesabu tu ayatafute kwenye kurasa za mwisho, mweka hazina ameyapanga vizuri kabisa.

KIHAMBA

Kwa wasomaji wasio wa Kilimanjaro (na tunajua mpo wengi, Moshi ni mji wa watu wote), kihamba ni ile ardhi ya nyumbani: migomba, kahawa chini yake, magimbi, viazi vikuu, miti ya kivuli, nyumba katikati, na masale yaliyopandwa mpakani kuonyesha pa huyu na pa yule. Kihamba kilirithiwa upande wa baba. Kijana wa kwanza alitengewa sehemu yake alipooa, na wa mwisho alibaki na nyumba ya wazazi. Binti hakuhesabiwa, kwa sababu yeye angekwenda kwa watu. Huko kwa watu alipewa mahali pa kulima, ila si mahali pa kusema ni pake.

Sasa hebu tuhesabu kazi. Migomba ya ndizi za chakula ilikuwa mikononi mwa mama, yeye ndiye aliyejua upi ukatwe na upi uachwe. Mahindi, maharage na ulezi vililimwa kwenye mashamba ya tambarare, mbali na nyumbani, na kila msimu akina mama waliteremka kulima na kupalilia wakapanda tena jioni. Halafu kuna majani. Ng'ombe wa mlimani hatoki kwenda malishoni, anakaa zizini na majani yanamfuata. Na majani hayatembei yenyewe! Mama alishuka na mundu na kamba, akakata, akafunga mzigo, akaupandisha kichwani. Ng'ombe akala, samadi ikaenda kwenye migomba, migomba ikalisha watu. Wataalamu wameandika vitabu vingi kuusifia utunzaji wa ardhi mlimani, jinsi watu wengi walivyoweza kuishi juu ya kipande kidogo kwa vizazi na vizazi bila udongo kuchoka. Ni kweli kabisa. Sisi tunaongeza jambo moja tu, kwamba rutuba yote ile ilipita juu ya shingo ya mwanamke.

Kuna na mifongo, ile mifereji ya kienyeji inayotoa maji korongoni na kuyaleta migombani. Kuichimba na kuisafisha ilikuwa kazi ya wanaume na koo zao, na sehemu nyingine mwanamke hakutakiwa hata kukaribia mahali maji yanapochepushwa. Hatusemi haya kuwadharau babu zetu, maana kuongoza maji kwa macho tu, bila vipimo vya mhandisi, ni akili kubwa. Lakini msomaji alikumbuke jambo hili la maji, tutalirudia tukifika Rau.

Soko ndilo lililokuwa la wanawake. Kabla Wajerumani hawajaja, akina mama walikuwa tayari na masoko yao ya zamu, leo hapa na kesho kule, wakibadilishana ndizi, ulezi, maharage na magadi. Hata leo ukienda Mwika, Marangu au Kiboriloni siku ya soko, angalia nani amekaa nyuma ya mikungu ya ndizi. Pombe ya mbege nayo, inayotengenezwa kwa ndizi na ulezi, iliwaingizia akina mama wengi senti ya chumvi na ya daftari la mtoto. Tukisema leo kwamba mwanamke wa huku anajua hesabu, hakufundishwa na semina. Alijifunza sokoni.

KAHAWA NA JINA LILILOITWA

Kahawa ililetwa mlimani na mapadre wa misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima Waafrika walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, kilichoongozwa na Joseph Merinyo, na mwaka 1933 likafuata shirika la KNCU, moja ya mashirika makongwe ya ushirika katika Afrika. Ushirika ule ulijenga mengi. Wengi wa mama zetu walivaa viatu vya kwanza kwa sababu ya kahawa, na wengi wetu tumesoma kwa kahawa. Hilo tunalisema wazi, mtu asije akasema akina mama hawana shukrani.

Ila mwanachama alikuwa mwenye kihamba, na mwenye kihamba alikuwa baba. Mama alichuma buni mbivu na watoto wake, akaimenya kwa mashine ya mkono, akaiosha, akaianika, akaichambua moja moja. Ikapelekwa kwenye chama cha msingi. Siku ya malipo likaitwa jina, na jina lililoitwa halikuwa la mama. Hivyo zikazaliwa pesa za aina mbili ndani ya nyumba moja: pesa ya kahawa ikawa ya baba, pesa ya ndizi na maziwa ikawa ya mama. Ya baba ilikuja kwa mkupuo, ikaezeka bati na kulipa ada. Ya mama ilikuja kidogo kidogo na kumalizika hivyo hivyo, na kwa kuwa ilimalizika kidogo kidogo hakuna aliyeiona.

Mpaka siku kahawa ilipoanguka. Mwezi Julai 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka dunia nzima. Dawa za kupulizia zikapanda bei, na katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini kushindana na ushirika. Miti ya kahawa mingi ilikuwa imezeeka. Ndugu zetu wengine wakaing'oa wakapanda nyanya na hoho, vijana wakaenda Dar es Salaam. Lakini nyumba hazikuacha kula! Zilikula nini? Zilikula ile pesa isiyoonekana: ndizi, maziwa, mboga, mbege. Kwa maoni yetu hapo ndipo mwanamke mkulima wa Kilimanjaro alipoanza kuhesabiwa, na hakuhesabiwa kwa kupendwa. Alihesabiwa kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amebaki.

TUPITE UPARE KIDOGO

Watu hudhani uongozi wa wanawake umekuja juzi na miradi. Basi tuwapeleke kwa jirani zetu wa Upare, katika mkoa wetu huu huu. Katikati ya miaka ya 1940 serikali ya mkoloni pamoja na wakuu wa jadi walileta kodi mpya iliyokisiwa kwa mali ya mtu, ikaitwa mbiru. Watu hawakuitaka. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walitelemka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa pale wiki baada ya wiki wakikataa kurudi mpaka kodi ifutwe.

Habari hiyo husimuliwa kama habari ya wanaume. Sisi tunauliza swali la kikulima: wiki zote hizo nani alilima? Nani alipika, nani alipeleka chakula? Akina mama hawakuishia hapo. Mkuu wa wilaya, Mwingereza, alipofika Usangi, walimzunguka na kumtaka achague: ama amalize jambo hili ili waume zao warudi nyumbani, ama yeye mwenyewe awe mume wao wote na awape mimba. Tunaambiwa mzungu yule hakupenda hata kidogo. Kodi ile hatimaye ilifutwa. Bibi zetu walijua kabisa kwamba shamba lisipokuwa na mtu, serikali nayo haili.

MAZIWA YA NRONGA

Kama kuna mahali tulipochukua mfano wetu, ni Nronga, kule Machame, wilaya ya Hai. Mwaka 1988, hata kahawa haijaanguka, akina mama wa kijiji kile waliunda ushirika wao wa maziwa, na wanachama wake wakawa wanawake. Sababu yao ilikuwa rahisi na ya busara. Kwa mila, maziwa ni ya mama: yeye hukata majani, hukamua, hugawa. Maadamu yalinywewa nyumbani hakuna aliyeyagombea. Lakini ng'ombe wa kisasa alipoingia na maziwa yakawa ya kuuza mjini, palikuwa na hatari yafuate njia ya kahawa, yaani mama akamue na jina liitwe la mwingine.

Wakasajili. Wakakusanya maziwa pamoja, wakayapima, wakayapoza, wakayaleta Moshi mjini kuuza, na baadaye watoto wa shule wakanywa maziwa yao. Malipo yanaandikwa kwa jina la yule aliyeleta maziwa. Linaonekana jambo dogo. Muulize mtu yeyote aliyemenya kahawa miaka 20 akikusimulia kama ni dogo.

RAU

Sasa tumeshuka nyumbani. Mto Rau unatoka mlimani, unapita pembeni mwa mji, unaingia tambarare. Tunao msitu wetu wa hifadhi, wenye chemchemi, mbega na mivule mikubwa, na mti uitwao msoo ambao wataalamu wa mimea wanasema haupatikani ila huku kwetu na sehemu za Kahe. Wageni wakija siku hizi huoneshwa mvule mmoja mrefu sana, wakapiga picha. Vizuri. Lakini utajiri wa Rau ni maji, na maji yale ndiyo yaliyotuletea mpunga.

Mpunga ulilimwa huku tangu zamani kwa njia za kienyeji. Mageuzi yalikuja na Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada na mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Maji yalichukuliwa kutoka mito ya Rau na Njoro, yakapelekwa kwa mifereji ya zege hadi Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria. Mashamba yalipimwa yakawa ya mraba, kila ploti mita 30 kwa 100, na kiasi cha hekta 1,100 zikatengwa kwa mpunga. Mbegu fupi ya IR54 ikaletwa pamoja na mbolea na trekta, na mavuno yakapanda mpaka tani 6 kwa hekta, mara tatu ya yale ya zamani. Waliokuwapo wanasimulia kwamba mtu alivuna akadhani amekosea kuhesabu magunia.

Na kazi? Kulima na kuvuruga tope kulifanywa na trekta, na mwenye trekta ni mwanamume. Kutengeneza kitalu, kung'oa miche, kupandikiza umeinama siku nzima ndani ya maji, kupalilia, kufukuza kwelea kwelea, kuvuna na kupepeta, hapo utakuta akina mama, wenye ploti na vibarua pia. Majina katika daftari la mradi, hata hivyo, mengi yalikuwa ya wakuu wa kaya. Kahawa ile ile, imevaa nguo ya mpunga.

Tumpe kila mtu haki yake. Mwaka 1994 kilianza pale Chekereni Chuo cha Kilimo Kilimanjaro, KATC, na walimu wake hawakuridhika kufundisha akina baba peke yao. Walipoona anayepandikiza ni mama ilhali anayekuja kozini ni baba, wakaweka utaratibu wa kuita wanawake sawa na wanaume. Tukafundishwa kupandikiza kwa mstari kwa kamba, kuchagua mbegu kwa maji ya chumvi, kusukuma kipalizi cha mkono katikati ya mistari. Ndiyo maana mama wa Rau leo anaweza kukueleza tofauti ya SARO 5 na mbegu nyingine, umri wa mche na kiasi cha mbolea, bila kuangalia karatasi. Tena atakueleza kwa sauti!

Halafu yakaja maneno ya maji. Wakulima wa juu ya mradi waliona jinsi mpunga unavyolipa, nao wakafungua mashamba yao, wakachota mto Rau kabla haujafika kwenye banio. Maji ya mradi yakapungua, na sehemu ya zile hekta zikaachwa bila mpunga, zikapandwa mahindi au zikalala. Watu wa chini waliwaita wa juu wezi. Watu wa juu wakajibu kwamba mto ulipita kwao kabla mradi haujazaliwa, na Mungu hakuuandikia mradi. Ni ugomvi wa haki mbili, nao ndio mgumu kuumaliza.

Kikundi chetu kina wanachama wa juu na wa chini. Miezi ya mwanzo kikao kimoja kilikaribia kuvunjika, mama wa chini amekataa kukaa benchi moja na mama wa juu ambaye kwa siku 9 shamba lake lilikuwa linabubujika na la mwenzake limepasuka. Kilichookoa kikao si hotuba. Ni kwamba wote wawili walikuwa na deni ndani ya sanduku moja, na mpunga wa mmoja ukikauka deni lake litabebwa na wenzake, wa juu akiwemo. Mwenyekiti alisema hivyo kwa maneno machache akaendelea na ajenda. Tangu siku ile, wanachama wetu wa juu huarifu wa chini kabla ya kufungua, na mara nyingine hupunguza. Mto haujaongezeka hata tone, wala ugomvi wa vijiji haujaisha. Lakini kati ya benchi hizi mbili panazungumzika.

SANDUKU

Akina mama wa huku walikuwa na mchezo, wengine huita upatu, tangu hatujazaliwa. Kila wiki mnachanga, mmoja anachukua. Mchezo ni mzuri kwa sufuria na kitenge. Kwa kilimo haufai sana, kwa sababu mpunga haujui zamu. Mbolea inatakiwa wiki hii, na zamu yako ni mwezi wa tisa.

Njia ya hisa na kukopeshana ilitoka mbali. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza na akina mama wa vijijini nchini Niger, nchi kavu kuliko yetu mara nyingi, vikundi vilivyoitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara. Havikupewa mtaji, walikusanya wao wenyewe na kukopeshana wao kwa wao. Njia hiyo ikaenea Afrika, ikafika Zanzibar na bara, na miaka ya 2000 ikajulikana Tanzania nzima kwa jina la VICOBA. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikavitambua vikundi vya namna hii na kutaka visajiliwe, nasi tukasajili. Tulipanga foleni, tukarudishwa, tukapanga tena.

Utaratibu wetu wanachama mnaujua, tuueleze kwa faida ya wengine. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo zake ziko kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Kila kikao mwanachama hununua hisa, moja hadi tano, mbele ya macho ya wote. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zake. Upo mfuko wa jamii kwa msiba na ugonjwa. Mwisho wa mzunguko tunahesabu, tunagawana, tunaanza upya.

Faida yake kubwa shambani ni moja, nayo ni kusubiri. Zamani mama alifikia palizi hana kitu, mtoto amerudishwa ada. Akaja mtu na pikipiki akamnunulia mpunga ungali kijani. Alichokopeshwa ni bei ya gunia moja, alichodaiwa mavunoni ni magunia mawili, tena lumbesa, limeshonewa kilemba juu. Akavuna akiwa tayari ameshakula jasho lake. Siku hizi anakopa sandukuni, anapalilia, anavuna, anaweka ghalani miezi miwili mitatu mpaka bei ipande. Wala hatusemi umaskini umekwisha. Tunasema yule mtu wa pikipiki siku hizi akipita Rau anasalimia tu na kuendelea na safari.

Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iliwekwa kisheria mwaka 2018, ikasimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ni jambo jema na anayeipata aipate. Sisi tulishukuru mwaka ule wa 2023 kwamba hatukuwa tumeuweka mguu wetu wote pale.

JINA LA NANI?

Tumefika mahali tulipokuwa tunapaogopa. Katika miaka hii 10 wanachama wetu wamejenga, wamesomesha, wamenunua ng'ombe. Wengine wamenunua ardhi. Na baadhi ya ardhi hiyo, iliyonunuliwa kwa mkopo wa sanduku, ikalipwa kwa mpunga ulioinamiwa na mgongo wa mama, imeandikwa jina la mtu mwingine.

Mmoja wetu, tusimtaje, alinunua kipande hivyo. Mume alikuwa mtu mwema, hapakuwa na ubaya wowote, karatasi ikaandikwa jina lake kwa sababu ndivyo inavyoandikwa. Akafariki. Arobaini haijaisha, shemeji zake wakaja na fimbo ya kupimia. Daftari letu la mikopo lilionyesha kila senti, tukalipeleka kwenye kikao cha ukoo. Wazee walilisoma kwa heshima wakaturudishia.

Sheria haiko upande wa shemeji kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mke kumiliki mali yake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, aliamua kwamba Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithishwa na baba yake kwa wosia, alikuwa na haki ya kuuza sawa na mwanamume, mila za ukoo zilisema vinginevyo. Na Sheria za Ardhi za mwaka 1999, ile ya ardhi kwa ujumla na ile ya vijiji, zinasema mwanamke ana haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Mila inayomnyima kwa sababu ni mwanamke haina nguvu. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi. Jaji anasoma karatasi, hasomi mgongo.

Na si sisi peke yetu tunaosema. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2011 kwamba wanawake wakulima wakipata ardhi, mbegu na mikopo sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangepanda kwa asilimia 20 hadi 30, na wenye njaa duniani wangepungua kwa watu milioni 100 hadi 150. Tangu mwaka 2008 tarehe 15 Oktoba ni siku ya kimataifa ya mwanamke wa kijijini. Na mwezi Oktoba 2016 mamia ya wanawake wakulima kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Arusha, wakaandika hati ya madai yao juu ya ardhi, na baadhi yao wakaja kuupanda mlima wetu huu. Fikiria, wamama wa jembe, waliotoka nchi za joto, wanapambana na baridi ile wakidai shamba! Sisi tuliozaliwa chini yake wengi wetu hatujafika hata Mandara.

Basi liko pendekezo mezani. Kamati inataka kifungu kipya katika katiba ya kikundi: mwanachama akikopa kwa ajili ya kununua ardhi, kabla fedha haijatoka sandukuni, alete rasimu ya mkataba wa mauziano yenye jina lake, peke yake au pamoja na mumewe, na mashahidi wawili wawe wanachama. Tumelijadili vikao viwili. Wapo wanaolipinga, na hoja yao si ya kijinga. Wanasema: mnataka tukavunje nyumba zetu kwa ajili ya karatasi. Mama mmoja alieleza kwamba akimwambia mumewe habari ya jina, mume atauliza amepanga kwenda wapi. Wengine wakasema hivyo hivyo ndivyo ilivyosemwa Nronga kuhusu maziwa, na nyumba za Nronga zimesimama. Mwenyekiti hakupiga kura. Alisema jambo hili halitaki wingi wa mikono, linataka kila mtu akazungumze kwanza kwake. Fomu ziko kwa katibu. Mpaka tunapeleka kijitabu hiki kwa mchapaji, wanachama 11 wamekwisha kuzirudisha, na fomu 4 kati ya hizo zina sahihi ya mume.

Yule mwenzetu mjane hakulipata tena lile shamba. Kesi ipo barazani, na karatasi anazotafuta sasa ni za mashahidi. Msimu huu amekodi majaruba mawili upande wa juu, kwa mkopo wa sanduku, na amekwisha pandikiza. Zamu yake ya maji ni Jumanne usiku, kuanzia saa nne. Tunakwenda naye wanne, na tochi, tunasimama kwenye banio lenyewe mpaka maji yaingie.